Dawa Iliyo Mbali

Ukweli husifiwa na kila mtu, lakini sifa zake nyingi hutolewa mahali ambapo kusema kweli hakumgharimu msemaji wala hakumtishi msikilizaji. Thamani yake hasa yataka kupimwa penye shida, mahali ambapo neno la kweli laweza kumwumiza mtu ambaye tayari anaumwa, wala halimpi kitu cha kushika mkononi. Mahali pa jinsi hiyo si haba katika maisha. Mimi nimechagua mahali pamoja tu: chumba cha daktari wa upasuaji katika hospitali isiyo na zana zote, siku mgonjwa anapoambiwa kuwa mguu wake hauna budi kukatwa. Swali ni hili. Ikiwa daktari ajua kwamba kwingineko, kwa zana ambazo yeye hana, mguu ule ungaliweza kusalia, je, ni wajibu wake kumwambia mgonjwa habari hiyo, au ni huruma kunyamaza?

Yawezekana msomaji akaona kuwa jibu ni jepesi. Namwomba astahimili kidogo. Swali hili halijibiki vema na mtu asiyejua maradhi yenyewe na mwendo wa matibabu yake, maana hapa wema na ubaya haviko katika maneno matupu. Vimo katika nyama, damu, nauli na hesabu ya siku.

Maradhi ninayoyasema ni sarkoma ya tishu laini. Saratani nyingi zijulikanazo na watu, kama ya matiti, ya koo au ya shingo ya kizazi, huanza katika tabaka linalotanda juu ya viungo au ndani ya mifereji yake. Sarkoma huanza katika vitu vinavyoushika mwili pamoja: misuli, mafuta, kano, mishipa ya damu na maganda ya mishipa ya fahamu. Si maradhi ya watu wengi. Katika kila saratani mia za watu wazima, hii yakaribia kuwa moja tu. Walakini ndani ya jina hilo moja mna aina zaidi ya 50, na kila aina ina tabia yake. Aghalabu huota pajani. Huota ndani, chini ya misuli, na mwanzoni haiumi, haiwashi, wala haimzuii mtu kulima au kupanda baiskeli. Kama ingaliuma tangu siku ya kwanza, watu wengi wangaliokoka. Upole wake ndio hila yake.

Wazee walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wagonjwa wengi wa sarkoma hawakuficha kitu. Waliuonyesha uvimbe wao kwa jirani, akawapa majani ya kukanda. Wakauonyesha katika zahanati, wakapewa vidonge. Wakauonyesha kwa mganga, akawachanja. Kila mmoja wa hao alitenda kwa nia njema. Uvimbe uliokuwa kama ndimu ukawa kama chungwa, na uliokuwa kama chungwa ukawa kama nazi, na mwenye uvimbe alikuwa njiani wakati wote huo akitafuta msaada. Sioni haki katika desturi ya kuwalaumu watu hawa kwa kuchelewa.

Tena uko mtego mwingine, na huu huwanasa madaktari. Sarkoma inapokua huzisukuma nyama zilizo jirani hata zikakazana na kuwa kama ganda. Mpasuaji asiye na mazoea nayo akifungua huiona imekaa vizuri ndani ya ganda lile, akaitoa yote kwa vidole, kama mtu atoavyo kokwa la parachichi. Huona fahari na mgonjwa hushukuru. Kumbe ganda lile si mpaka. Chembe za maradhi zimo katika ganda lenyewe na zimekwisha pita kwenda nje yake. Baada ya miezi uvimbe hurudi, safari hii umetawanyika katika jeraha lote, na nafasi ya kuuokoa mguu imepungua. Njia iliyo sawa ni kuchukua kinyama kwanza, kwa mkato uliopangwa ili baadaye uweze kuondolewa pamoja na uvimbe; kinyama kikasomwe katika hadubini na mjuzi wa kazi hiyo; kifua kipigwe picha, kwa kuwa sarkoma hupenda kusafiri katika damu kwenda mapafuni; na ndipo uvimbe utolewe ukiwa umevikwa joho la nyama nzima pande zote, usionekane kabisa na macho ya mkataji. Kila hatua katika hizo yataka mtu na chombo. Katika hospitali nyingi za wilaya mpasuaji yupo, lakini msomaji wa kinyama yuko mji mwingine, na majibu yake huja baada ya majuma.

Kwa miaka mingi dawa ya sarkoma kubwa ya mguu ilikuwa kukata mguu, hata katika nchi tajiri kupita zote. Mabadiliko yaliletwa na jaribio moja dogo. Kati ya mwaka 1975 na 1981 madaktari wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, Steven Rosenberg na wenzake, waliwagawa kwa kura wagonjwa 43 wenye sarkoma za mikono na miguu. Watu 16 walikatwa kiungo. Watu 27 walitolewa uvimbe wakaachiwa kiungo, kisha wakapigwa mionzi. Makundi yote mawili yalipewa pia dawa za saratani. Habari zao zilichapishwa mwaka 1982. Katika wale 27, wanne walirudiwa na uvimbe mahali pale pale; katika wale 16, hakuna hata mmoja. Lakini kwa urefu wa maisha makundi hayakuachana: baada ya miaka mitano, hesabu ya walio hai ilikuwa asilimia 83 kwa walioachiwa kiungo na asilimia 88 kwa waliokatwa, tofauti ambayo katika idadi ndogo namna hiyo haina maana. Tangu hapo desturi imegeuka, na katika nchi zenye zana kukatwa mguu kwa sababu ya sarkoma kumekuwa jambo la wachache.

Yafaa tutue kidogo juu ya hesabu hii, maana ndimo ulimo uchungu wa swali letu. Kama kukatwa mguu kungalikuwa bei ya kununua miaka zaidi, daktari angaliweza kusema bila kusita, "Toa mguu, upate uhai." Lakini hesabu yasema vingine. Mtu aliyekatwa mguu kwa kukosa mionzi hakupata siku nyingi zaidi kuliko mwenzake aliyebaki na miguu miwili. Alilipa mguu mzima ili apate kile ambacho mwingine alikipata kwa mashine. Mguu wake ulikuwa badala ya chombo.

Na chombo hicho hakipo kila mahali. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Hospitali ya Mulago, Kampala, ambayo ndiyo ilikuwa pekee katika Uganda nzima, iliharibika isitengenezeke. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nchi yenye makumi ya mamilioni ya watu ilikaa bila mionzi ya saratani, na wenye uwezo walisafiri kwenda Nairobi. Nchini Tanzania kwa miaka mingi mahali pa mionzi palikuwa Dar es Salaam tu, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo ndani ya majengo ya hospitali waliyoifungua Wajerumani ufukweni mwaka 1897. Leo Mwanza nako kuna mionzi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mtu wa Kigoma anayeitafuta mionzi ya Dar es Salaam ana safari ya zaidi ya kilomita 1,200 mbele yake, na akifika haoni mwisho wa safari, ila mwanzo. Mionzi ya sarkoma haipigwi siku moja. Hupigwa siku tano za kila juma, kwa majuma matano au zaidi. Majuma hayo mtu huyo hula wapi, hulala wapi, na shamba lake hupaliliwa na nani?

Nisije nikamdhulumu mpasuaji wa hospitali ndogo, yapasa niseme kuwa kisu peke yake si kitu kidogo. Uvimbe mdogo, au wa aina isiyo kali, ukitolewa pamoja na joho lake la nyama nzima, mara nyingi hautaki mionzi. Pengo lililoachwa laweza kuzibwa kwa ngozi iliyopandikizwa. Na panapo mfupa ulio wazi chini ya goti, msuli wa shavu la mguu waweza kugeuzwa juu ya shina lake ukaufunika, na kazi hiyo haihitaji darubini wala mashine ya ajabu. Hata mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu ukilazimika kuondolewa, hiyo peke yake si sababu ya kuutupa mguu. Unyayo hulegea, lakini mtu akifungiwa kishikizo hutembea. Kwa hiyo daktari hana ruhusa ya kusema "hatuna mionzi" kabla hajamaliza yale ambayo mikono yake yaweza. Nasema haya si kama mpasuaji, bali kama mtu mwenye miguu miwili ambaye angependa kuulizwa.

Sasa tumdhanie mkulima wa miaka 50 hivi. Uvimbe wa ukubwa wa nazi u ndani ya paja lake, nao umeukumbatia mshipa mkubwa wa damu. Kinyama kimesomwa: ni sarkoma kali. Mapafu ni safi. Daktari wake ni kijana hodari. Ajua kuwa kama angalikuwa na mionzi angaliweza kupita na kisu karibu sana na mshipa, akaiachia mionzi kazi ya kuziua chembe zilizosalia. Bila mionzi, kupita karibu ni kuacha maradhi ndani. Hapo hapana budi mguu uondoke. Je, amwambie mkulima sehemu ya kwanza ya habari, au sehemu ya mwisho tu?

Wako watu wema wanaoamini kuwa sehemu ya mwisho yatosha. Hoja zao si dhaifu, nami ningependa kuzieleza kama wenyewe wangalivyozieleza. Kwanza, husema, kazi ya daktari ni kutibu kwa alicho nacho. Kumpa mgonjwa habari za dawa asiyoweza kuifikia ni sawa na kumwonyesha mwenye njaa karamu iliyo ng'ambo ya mto usiovukika. Pili, na hapa ndipo hoja yao inapokuwa nzito, husema kuwa habari hiyo huua. Mtu akisikia kwamba mguu huenda ukaokolewa mahali fulani hulishika neno "kuokolewa" akaliacha neno "huenda". Hukataa kukatwa. Hurudi nyumbani kuuza ng'ombe ili apate nauli, miezi hupita, fedha hazitimii, na siku anaporudi hospitalini uvimbe umepasua ngozi na kuwa kidonda chenye harufu, na picha ya kifua yaonyesha madoa mapafuni. Sasa mguu hauokoki, wala mwenyewe. Kama daktari angalinyamaza, mtu huyu angalikuwa na mguu mmoja na uhai wake. Tatu, hutukumbusha methali kuwa mgonjwa haulizwi uji.

Nianze na methali, maana ndiyo nyepesi. Uji huingia tumboni ukampa mgonjwa nguvu, na akiisha pona ana hiari ya kutouonja tena hata kufa kwake. Mguu ukiondoka hauna hiari ya kesho. Methali ile yafaa kwa mambo ambayo kosa lake hurekebika, na waliotuachia hawakuisema juu ya shoka.

Hoja ya pili yataka jibu la uangalifu zaidi, kwa sababu mtu yule tuliyeambiwa habari zake alikufa kweli, na watu kama yeye ni wengi. Lakini tuangalie aliambiwa nini. Aliambiwa kuwa iko dawa. Hakuambiwa bei ya nauli, wala majuma matano ya kukaa mji wa ugeni, wala zamu ya kungojea mashine, wala kuwa hata huko madaktari wangaliweza kuona kuwa uvimbe umeushika mshipa kiasi cha kutouachia mguu. Hakuambiwa kuwa kungoja nyumbani ni hatari kuliko kukatwa na kuliko kusafiri. Alipewa kipande cha kweli, kile kitamu, akakishika kama mtu azamaye ashikavyo ukuti. Kweli yote ingalisemwa kwa maneno ya namna hii:

"Mzee wangu, uvimbe huu umeushika mshipa mkubwa wa damu. Hapa nina kisu tu, na kwa kisu peke yake sina namna ya kuutoa wote nikakuachia mguu. Dar es Salaam iko mashine ya mionzi. Ikisaidiana na kisu, huenda mguu ukabaki, sisemi hakika. Matibabu yake ni majuma matano au zaidi, na huenda ukangojea zamu kabla ya kuanza. Ukiweza kuondoka juma hili au lijalo, nenda, nami nitakuandikia barua leo. Ukiona hutaweza, basi usirudi nyumbani kungoja. Kaa hapa tukutibu kwa njia tuliyo nayo, na njia hiyo nayo yaweza kukuponya."

Maneno hayo hayachukui hata robo ya saa. Yanasema dawa iko wapi, yanasema ni ghali kiasi gani, na yanafunga mlango ule wa tatu wa kungoja, ambao ndio uuao. Sidai kuwa hakuna atakayekosea baada ya kuyasikia. Wako watakaokwenda nyumbani hata hivyo. Lakini wako pia, na hawa hatuwahesabu, ambao daktari huwadhania kuwa hawana njia kumbe wanayo. Daktari ameona kandambili na shati lililochanika; hakuona mpwa aliye bandarini Dar es Salaam, wala chama cha kuzikana kilicho radhi kumsaidia mtu angali hai, wala ng'ombe wawili. Anaponyamaza kwa kuwa mgonjwa "hawezi", ametoa hukumu juu ya mali ya mtu ambayo hakuihesabu.

Hoja ya karamu ng'ambo ya mto imebaki. Tuseme mkulima wetu kweli hana mpwa wala ng'ombe; mto hauvukiki. Kweli yamfaa nini? Hapa ndipo mimi natofautiana na watu wengi ninaowaheshimu. Wao huona kuwa habari ni chombo, na chombo kisichotumika ni mzigo. Mimi naona kuwa mtu ana haki ya kujua amepoteza mguu wake kwa sababu gani. Kupoteza mguu kwa nguvu ya maradhi ni msiba wa namna moja. Kuupoteza kwa upungufu wa mashine ni msiba wa namna nyingine. Wa kwanza humtaka mtu asubiri. Wa pili humruhusu, akitaka, aulize. Daktari anayemnyamazia amemchagulia majonzi yake, akampa ya kusubiri alipostahili ya kuuliza. Nimesikia ikisemwa kuwa habari hiyo itamtia mgonjwa uchungu. Bila shaka itamtia. Uchungu huo ni wake, na yeye si mtoto.

Isitoshe, siri hii haikai. Kijana wake mwenye simu ya mkononi ataisoma habari ya mionzi kabla jeraha halijakauka, au jirani atakuja na kisa cha mtu wa Mwanza aliyebaki na miguu miwili. Siku hiyo mkulima hataulaumu umaskini wa nchi. Atamlaumu daktari, na kijiji kizima kitaamini kuwa hospitali ile hukata watu ovyo. Mtu wa pili mwenye uvimbe pajani hatakwenda tena huko. Huruma ya kunyamaza itakuwa imemwokoa mmoja na kumpoteza mwingine.

Liko na jambo la ridhaa. Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji mgonjwa hutia sahihi, au kidole, katika karatasi ya kukubali. Tunaiheshimu karatasi ile, na yafaa kuheshimiwa. Lakini kukubali kwa mtu aliyeonyeshwa njia moja tu si sawa na kukubali kwa mtu aliyeonyeshwa zote akaona kuwa moja ndiyo apitikayo. Wote wawili watia kidole kile kile, mahali pale pale. Wa pili amechagua, ijapokuwa amechagua katika dhiki. Wa kwanza amesukumwa kwa upole. Nami siwezi kuona jinsi mtu anavyoweza kuridhia jambo ambalo amefichwa upande wake wa pili.

Desturi zetu zinalitia swali hili ugumu wa peke yake. Mgonjwa wa kwetu haji peke yake. Huja na kaka, na baba mdogo, na pengine mjumbe wa nyumba, na daktari mwenye busara hujua kuwa neno litakaloshika ni lile litakalokubaliwa na wazee. Wengi kwa hiyo huwaambia wazee kwanza, mgonjwa baadaye, au huwaachia wazee wamwambie wenyewe kwa namna waionayo. Sipendi jambo hilo. Wazee wawe karibu, maana mtu hatakiwi kupokea habari ya kukatwa mguu akiwa pekee kama mshitakiwa. Lakini mguu ni wake, na asikie kwa masikio yake. Na mke wake naye aitwe. Mara nyingi mke huachwa barazani na kikapu cha chakula wakati wanaume wakishauriana, na kesho yeye ndiye atakayeteka maji ya watu wawili na kulima sehemu mbili za shamba.

Nimesema kuwa kweli yapasa kuwa yote. Basi isiishie kwenye kisu. Mkulima ana haki ya kujua atatembeaje. Mwaka 1968 mjini Jaipur, India, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walitengeneza unyayo wa bandia wa mpira ambao mtu aweza kuchutama nao, kukaa chini, na kutembea shambani bila kiatu, kwa kuwa waliona kuwa miguu ya bandia iliyotoka Ulaya ilitengenezwa kwa watu wanaokaa vitini. Fikira ile ilikuwa kubwa kuliko mpira uliotumika. Kwetu, mafundi wa viungo vya bandia wamekuwa wakifundishwa Moshi, katika chuo kilicho pamoja na hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1981. Lakini mguu wa bandia haupo katika kila wilaya, na aliyekatwa juu sana, karibu na nyonga, ana kazi ngumu ya kuuzoea. Wengi wa namna hiyo huishi na magongo. Fundi cherehani aweza kuishi na magongo. Mvuvi wa ngalawa ataishi navyo vipi? Thamani ya mguu haiko katika vitabu vya tiba. Iko katika kazi ya mwenye mguu, na kwa hiyo daktari hawezi kuijua asipouliza.

Kwa sababu hiyo hiyo sikubali kuwa kila anayekataa kukatwa ni mjinga. Yuko anayekataa kwa kuwa hakuelewa, na huyo aelezwe tena, na tena. Yuko anayekataa akiwa ameelewa vema. Apewe dawa ya maumivu, kidonda chake kisafishwe, wala asifukuzwe hospitalini kama mtu aliyemvunjia daktari heshima. Mara nyingi hutendewa hivyo.

Kuna hatari nyingine katika kunyamaza, na hii haimpati mgonjwa, bali daktari mwenyewe na wanaojifunza kwake. Mwaka wa kwanza daktari anyamaza huku moyo ukimwuma. Mwaka wa tano haumwumi. Mwaka wa kumi amesahau kuwa palikuwa na kitu cha kunyamazia. Madaktari vijana wanaomfuata wodini hawasikii kuwa mguu umekatwa kwa kukosa mionzi. Wasikia kuwa sarkoma ya paja hukatwa mguu. Upungufu umekuwa elimu. Walioutenda si watu wabaya. Ni watu waliochoka, waliokata miguu mingi kwa machozi mpaka machozi yakaisha. Siwahukumu. Nasema tu kuwa daktari anayelazimika kumweleza kila mgonjwa, kwa kinywa chake, kile ambacho hospitali haina, hapati nafasi ya kukisahau.

Mwaka 2015 jopo la wajuzi lililoitishwa na jarida la Lancet lilitangaza kuwa watu wapatao bilioni tano duniani hawafikii upasuaji ulio salama na wa gharama wanayoimudu. Hesabu hiyo yatisha, na imewaamsha wengi. Lakini msomaji aone jambo moja. Mkulima wetu kama hakuuza ng'ombe wake ili alipie tiba, na kama mkono uliomkata ulikuwa safi, aweza kuingizwa katika hesabu ya waliopata. Alifika hospitalini, akapewa nusu kaputi, akapasuliwa, akapona jeraha. Kilichokosekana hakionekani popote, kwa kuwa mahali pake pameandikwa kazi iliyofanyika vema.

Katika kila chumba cha upasuaji kiko kitabu kikubwa ambamo huandikwa tarehe, jina, umri, ugonjwa na operesheni. Mstari wa mkulima wetu utasomeka: sarkoma ya paja, mguu umekatwa juu ya goti. Napendekeza pawe na safu moja zaidi, ya sababu, na katika safu hiyo daktari aandike yaliyo kweli. Palipo na uvimbe ulioshika mfupa na mishipa yote, aandike hivyo. Palipo na mguu ambao mionzi ingaliweza kuuokoa, aandike: kwa kukosa mionzi. Palipo na uvimbe uliotolewa kwanza pengine bila kuchukua kinyama, aandike na hilo, kisha ampelekee mwenzake barua ya ungwana, si ya kumfedhehi. Kila mwisho wa mwaka mkuu wa hospitali azihesabu sababu hizo, na hesabu yake ipelekwe kwa wale wanaogawa fedha. Na kabla daktari hajatia sahihi, mkulima asomewe mstari wake, na aulizwe kama umeandikwa sawa.